Mfahamu Bata Anayepiga Mluzi



Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne alikuja darasani na mayai sita ndani ya kofia. Aliyaokota kwenye majani marefu karibu na maji. Alisema bata wawili wenye uso mweupe waliruka pale, wanapiga mluzi. Alitaka kuwapelekea wadogo zake, maana mboga ilikuwa imekwisha nyumbani. Sikumgombeza. Lakini siku ile somo letu likawa bata.

Bata huyu ni wa porini, siyo yule wa kufuga. Uso ni mweupe, nyuma ya shingo ni mweusi, miguu ni mirefu. Dume na jike wanafanana, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Sauti yake ni mluzi wa mara tatu. Ukiusikia usiku juu ya nyumba, usiogope, siyo mchawi! Ni bata wanakwenda kula. Wanatafuta mbegu za majani, mimea ya maji, konokono na wadudu. Mpunga nao wanaupenda, ndiyo maana wakulima wanawachukia.

Anaishi sehemu nyingi za Afrika, kusini ya Sahara, na hata Amerika ya Kusini. Huku magharibi ya Tanzania kuna bonde la Malagarasi na Muyovozi, lenye mabwawa na matete mengi. Mwaka 2000 eneo hilo la kilomita za mraba 32,500 liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi za majimaji zenye faida kwa dunia nzima. Lilikuwa la kwanza kwa Tanzania. Samaki nao wanazaliana humo.

Jike anataga mayai 8 hadi 12 hivi. Baba na mama wanapokezana kuatamia, siku 26 mpaka 30. (Akina baba, mmesikia?) Vifaranga wanaweza kuruka baada ya miezi miwili. Wakubwa nao wanabadilisha manyoya yote ya mabawa kwa mara moja, na kwa karibu wiki tatu hawawezi kuruka kabisa. Wanajificha kwenye matete tu. Tukiyachoma wakati huo, watakimbilia wapi?

Bata hawa bado ni wengi. Lakini wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Basi tukumbuke:

1. Ukikuta kiota, kiache, ondoka polepole.
2. Usichome matete.
3. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria.
4. Ukikuta ndege amekufa, usimshike wala usimle. Homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N1, ilifika Afrika mwaka 2006, na duniani bado haijaisha.

Na yale mayai? Jioni tuliyarudisha kwenye kiota. Siku ya tatu tukayakuta baridi, bata hawakurudi. Kijana akaniambia, "Mwalimu, afadhali tungekula." Nilikosa jibu. Baadaye nikamwambia: kiota hakirudishwi, kinaachwa. Akaitikia kwa kichwa. Juzi aliniletea habari ya kiota kingine. Safari hii kofia yake ilikuwa kichwani.

Tukutane mwezi ujao.