Mama, muganga amekuambia nini juu ya titi lako?

Kila mwezi wa Oktoba tunaona vitambaa vya rangi ya waridi na tunasikia redio ikisema juu ya kansa ya titi. Oktoba ikiisha, maneno nayo yanaisha. Lakini ugonjwa haungoji mwezi. Mwaka 2022 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wanawake milioni 2.3 waliogunduliwa na kansa hiyo, na 670,000 waliokufa nayo.

Ni nani anayemfanya mama aende kupimwa? Uchunguzi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba neno la muganga lina nguvu kubwa. Mama aliyeambiwa na muganga wake, uso kwa uso, "nenda ukapimwe", huenda kuliko yule aliyesikia tu habari kwa majirani. Kinyume chake ni kweli pia. Muganga akinyamaza, tunafikiri hakuna shida. Akisema "ni maziwa tu, wewe ungali kijana" bila hata kugusa, tunarudi nyumbani na kukaa miezi.

Hapa Kisangani, "muganga" wa kwanza mara nyingi ni mwuguzi wa kituo cha afya. Mama wa Lubunga anapaswa kuvuka mto, kulipa mtumbwi na kuacha meza yake sokoni kabla ya kufika hospitali upande wa Makiso. Mwuguzi asipomweleza kwa nini safari hiyo ni ya lazima, hataifanya.

Wengine wanasema: bila mashine ya kupiga picha ya matiti, tupimwe na nini? Jibu ni mkono uliofundishwa. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatwa kwa miaka 20. Kundi moja lilipimwa matiti kwa mkono kila miaka miwili na wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kwa wenye miaka 50 na zaidi, vifo vya kansa ya titi vilipungua karibu 30 kwa mia. Kwa wadogo zaidi faida haikuonekana wazi.

Lakini umri usitufunge macho. Mama wa umri wowote aende kituoni mara moja akiona:
– uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma;
– ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa;
– chuchu iliyoingia ndani ghafla, au inayotoa damu;
– kidonda cha titi kisichopona.

Uvimbe mwingi si kansa. Hata hivyo, macho peke yake hayawezi kuamua. Ni lazima kipande kidogo cha nyama kitolewe na kupimwa. Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza.

Tunamheshimu muganga, na kumuuliza si kumkosea heshima. Mama ajifunze maneno haya:
– Naomba unipime matiti yote mawili na kwapa.
– Unafikiri ni nini, na utahakikisha namna gani?
– Nikitumia dawa hii na uvimbe usiondoke, nirudi siku gani?
– Kipimo ni bei gani, na kinafanyika wapi?
Ukiona haya mbele ya muganga mwanaume, omba mwuguzi mwanamke awepo.

Nanyi waganga mnaotusoma, maneno yenu yanaingia ndani sana. Mkisema tu "watakukata titi", mama anakimbilia dawa za kienyeji na anarudi kidonda kimefunguka. Mwelezeni kwamba kansa ikigunduliwa mapema ina matumaini makubwa zaidi ya kutibiwa. Mwambieni pia kwamba kipimo kinaweza kuogopesha bure. Kisha mwacheni aamue, kwa maana mwili ni wake.

Kwa vikundi vyetu tuna ombi moja. Katika likelemba yenu, tengeni kila juma franga kidogo za mtumbwi na za kipimo. Mama akiambiwa "nenda hospitali", asikose njia ya kwenda. Na mmoja wenu amsindikize, kwa sababu masikio mawili yaliyojaa hofu hayasikii yote.