Damu Ikitoka, Msisubiri Sindano

Mtu akikatwa na shoka au akianguka kutoka juu ya mwembe, wengi husema, "Tumsubiri mganga aje na sindano na maji." Mimi ni mganga msaidizi, na sindano ninazo. Lakini nasema, msisubiri.

Huko Kanada, katika jimbo la Ontario, wataalamu walichunguza majeruhi 2,867. Kwanza wahudumu wa magari ya wagonjwa walitoa huduma ya msingi tu. Baadaye walifundishwa huduma ya juu, kama kutia mpira kooni na maji mshipani. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Kwa huduma ya juu, katika kila majeruhi 100 walipona 81. Kwa huduma ya msingi walipona 82. Wale wasiojitambua kabisa walipona 51 kwa huduma ya juu, na 60 kwa ya msingi!

Damu inayovuja ndani ya tumbo humhitaji daktari wa kupasua. Maji ya mshipani si damu.

Damu ya nje ni kazi yenu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu kwa viganja viwili. Usifunue kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake. Aliyezimia lakini anapumua mlaze ubavu, bila kumpinda shingo, matapishi yasimzibe. Mfunike blanketi. Usimpe chai wala maji.

Wakati huo mwingine akimbilie gari. Likikosekana, mbebeni kwa machela. Anayekandamiza asiache njiani, akichoka, apokelewe.