Nani mbabe wa Alabama?

Jamani, ubishi huu hauishi! Kwenye futiboli ya Kimarekani, lainibeka ni mlinzi anayesimama nyuma ya ukuta wa mbele, kazi yake kuangusha watu tu. Chuo Kikuu cha Alabama kimetoa wakali kibao.

Wazee watakutajia Lee Roy Jordan: Januari 1, 1963, kwenye Orange Bowl, aliangusha watu mara 31, Oklahoma wakalala 17-0.

Sawa, lakini kura yangu kwa Derrick Thomas. Msimu wa 1988 alimwangusha mpiga pasi mara 27! Eti rekodi rasmi ni 24 za Terrell Suggs wa Arizona State, 2002, kisa hesabu rasmi zilianza mwaka 2000. Mwaka huohuo Thomas alifariki, ana miaka 33 tu.

Makaratasi yamemnyima. Na sisi tumnyime?