Florida: wiki moja ya likizo, bili ya kila mwaka

Mjini Orlando, Marekani, familia iliyokuja kutembea huahidiwa tiketi za Disney World kwa bei ya chini, ikikubali kwanza kusikiliza wauzaji wa likizo. Kinachouzwa ni wiki moja kila mwaka katika nyumba inayotumiwa kwa zamu na familia zingine.

Bei ya kununua ina mwisho. Malipo ya matunzo yanadaiwa kila mwaka, hata watoto wasiposafiri, na hupanda. Kwa mzazi Mkongomani anayetuma pia minervali Bukavu, hapo ndipo hesabu inaharibika. Na kuuza tena ni kazi ngumu.

Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba kwa maandishi na kurudishiwa pesa yake. Muuzaji hawezi kumnyima haki hiyo, hata akimsainisha karatasi nyingine.