Safari ya Babu, Wana na Wajukuu

Mwenyezi Mungu ametuamrisha mahali pengi katika Kitabu chake tutembee katika ardhi na tutazame. Agizo hilo lina sehemu mbili: mguu na jicho. Nasi twaona siku hizi jamaa wengi wa Pwani waliokunjuliwa riziki wanautumia mguu na kulisahau jicho. Hupanda ndege watu 9 au 10, babu, bibi, wana, wakwe na wajukuu, wakaenda nchi ya mbali. Warudipo, tukimwuliza mtoto chuoni ameona nini, hututajia duka kubwa lenye ngazi ziendazo zenyewe. Na bibi akiulizwa, hutaja dirisha la chumba cha hoteli, kwani miguu yake haikuweza kufuatana na vijana. Basi safari hiyo ilikuwa ya nani?

Hatusemi kwamba kufurahi ni aibu. La, furaha ni katika haki za safari, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha walipokuwa safarini. Lakini furaha ya watu wa umri mbali mbali haiji yenyewe. Hapana budi ipangwe. Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutatoa mfano wa nchi moja iliyo karibu na nyoyo za wengi wetu, nayo ni Omani.

Majahazi ya Sur yalikuwa yakija kwetu kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja. Kisha, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, watu wengi wa Unguja na Pemba walikwenda kukaa huko. Ndiyo maana hata leo Kiswahili husikika Maskati, zaidi kwa watu wazima. Basi ziko nyumba ambazo dada mmoja yuko huku na mwenziwe yuko kule, wote wawili wamekwisha kuwa wazee, na wajukuu zao hawajuani kwa sura wala kwa jina. Wajukuu wa huku wasema Kiswahili na Kiingereza. Wa kule wasema Kiarabu. Wazee hawa ndio daraja, na daraja halingoji milele. Mwenye jamaa kule asidhani kwamba ana miaka mingi ya kuakhirisha.

Jambo la kwanza ni mashauri. Sunna imetufundisha kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja awe amiri wao. Si lazima amiri awe ndiye mtoaji wa fedha. Bora awe mwenye subira na mwenye kushika saa. Naye awakalishe watu wote, hata mtoto wa miaka 7, kila mmoja achague jambo moja alitakalo. Siku ya babu iwe ya babu, na siku ya mtoto iwe ya mtoto, wengine wafuate bila ya kunung'unika. Na mama wa nyumba asisahauliwe. Aghalabu jamaa hukodi nyumba ili wapunguze gharama, na mama akawa anapika kwa watu 10 kama alivyokuwa akipika kwake. Huyo hakusafiri; amehamishwa jiko. Zamu za kupika na kuosha vyombo zigawiwe kabla ya kuondoka, na wanaume wamo.

La pili ni wakati na kipimo. Huko Omani joto la kiangazi hupita digrii 40, na halifai kwa mzee wala kwa mtoto mchanga. Miezi ya Novemba hadi Machi ina hewa ya kupendeza, na likizo ya Disemba imo ndani yake. Mwisho wa juma wao ni Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo ndizo wenyeji wanapata nafasi ya kukaa na wageni. Msiitake nchi nzima. Vituo vitatu, Maskati, Nizwa na Sur, vyatosha. Tokeni asubuhi, pumzikeni baada ya adhuhuri, tokeni tena alasiri.

La tatu ni kutazama kazi za watu, si kuta zao tu. Ngome ya Nizwa, iliyojengwa katika karne ya 17, ni ya kuonwa. Lakini mtoto atakumbuka zaidi mnada wa mbuzi ufanywao hapo asubuhi ya Ijumaa, wauzaji wakiwazungusha wanyama kwa kamba katika duara na wanunuzi wakiita bei. Karibu na mji huo pana Falaj Daris, mfereji wa kale ulioandikwa mwaka 2006, pamoja na minne mingine, katika urithi wa dunia. Maji ya mifereji ya namna hii hugawiwa kwa zamu baina ya wenye mashamba ya mitende, na hapo zamani zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Babu akae ukingoni, miguu majini, awaulize wajukuu: na sisi, maji ya kisima cha mtaani petu tulikuwa tukiyagawaje? Hilo ni somo ambalo mwalimu hawezi kulitoa ubaoni.

Huko Sur watazamwe mafundi wa majahazi, na bibi aonyeshe fundo alilolijua kwa baba yake, ikiwa alikuwa baharia. Si mbali na Sur ipo Ras al-Jinz, ambako kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai, na watu huongozwa kwenda kuwaona kwa utaratibu. Wengi huja miezi ya joto. Basi wendao Disemba wawaambie watoto mapema kwamba huenda wakamkuta mmoja tu, au wasimkute. Na huko Maskati iombwe ruhusa ya kuona halua ikipikwa, watoto wafananishe na halua ya kwao.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni kuwaona jamaa. Kabla ya kuondoka, bibi aiseme nasaba na mjukuu mkubwa aiandike katika karatasi moja, na nafasi ziachwe kwa majina yatakayopatikana kule. Kila mtoto apewe maswali matatu madogo. Asiulize, "Tueleze tarehe ya ukoo," maana swali hilo humfunga mzee kinywa. Aulize: Mlikuwa mkicheza nini? Mlango wenu ulitazama wapi? Nani aliwafundisha kusoma? Majibu yanaswe kwa simu, kwa idhini ya mwenyewe.

Ama watoto wasiojua lugha ya wenzao, wapewe mchezo. Huko kuna hawalis, ndugu wa bao letu. Kete hazihitaji mkalimani. Pia wawinde maneno: kitabu, sukari, sabuni, samaki, bahari, waridi. Kila neno linalotambuliwa na pande mbili lipewe alama, na mwenye alama nyingi achague chakula cha jioni. Siku mbili hazitapita ila watakuwa wakichekana kama waliolelewa nyumba moja.

Zawadi nazo zisiwe za dukani. Pakiti ya karafuu za Pemba na kanga aliyoichagua bibi zina maneno mengi kuliko saa ya rangi ya dhahabu.

Mwisho, pasipoti ziwe na muda wa miezi 6 au zaidi mbele yake. Ubalozi uulizwe mapema habari za viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Dawa za wazee zichukuliwe mkononi, si katika mizigo. Wala mtu asikope kwa ajili ya safari hii. Asiyeweza Omani, ajuaye kwamba ana shangazi Pemba au Lamu, mpango ni huu huu, na thawabu za kuunga udugu ni zile zile.

Nyumba itakayorudi na karatasi ya nasaba iliyojaa majina, na mtoto anayemwandikia barua binamu yake wa Maskati, hiyo imetembea na imetazama. Wabillahi taufiki.