Landrova kuukuu: mapenzi au biashara?

KATIKA barabara za vumbi za Monduli, Longido na Ngorongoro mkoani Arusha, Landrova za zamani bado zinabeba abiria, mbuzi na magunia ya mahindi.

Baadhi ya wenye magari haya wangeweza kuyauza wakanunua kirikuu, linalokula mafuta kidogo. Hawataki.

Ukiwauliza, kwanza watakutajia fundi. Landrova ya ‘109’, ambayo namba yake ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, haina kompyuta. Ikizima porini, dereva mzoefu hufungua boneti, akakagua mafuta na nyaya, akaendelea na safari. Sehemu nyingi za bodi zimefungwa kwa bolti, hivyo mlango ukipondeka unabadilishwa wenyewe tu.

Bodi hiyo ni ya aluminiamu. Gari lilipozinduliwa 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana bodi haili kutu kama magari mengine.

Sababu nyingine haisemwi waziwazi: heshima. Kwa miaka mingi Landrova ilikuwa gari la serikali, la misheni na la hifadhi. Aliyemwona bwana mifugo akishuka humo utotoni, leo akiuza ng’ombe wake anajua anachokitaka. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Landrova. Sijasikia tamasha la kirikuu.

Lakini mfanyabiashara apige hesabu. Chukulia Landrova yako inakwenda kilometa 7 kwa lita na gari dogo kilometa 14. Safari ya kilometa 140 itakula lita 20 badala ya 10. Kama njia yako ni ya lami na mzigo ni matenga machache ya nyanya, lita hizo 10 unazitupa kila safari.

Kwa njia ya mawe na korongo hesabu hugeuka. Kirikuu limeundwa kubeba takriban kilo 350, na gari lililokwama na maziwa ya watu halina faida hata likiwa halinywi mafuta.

Anayeamua kununua asidanganywe na rangi mpya. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016, hivyo utakayoipata imeshatumika sana. Chesisi yake ni ya chuma na huoza kuanzia ndani. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, gonga kuanzia nyuma. Mahali mlio unapokuwa mzito, au kutu inapodondoka, shusha bei au ondoka.