NGAZI YA MLANGONI NA YA CHOONI: TUIFANYE SALAMA KWA WAZEE NA WATU WENYE ULEMAVU

Katika kurasa hizi tumezoea kukuletea habari za malaria, kuhara na chanjo za watoto. Mara hii tunazungumzia kitu ambacho wengi wetu tunakivuka kila siku bila kukifikiria: ngazi ya mlango wa nyumba na ngazi ya choo.

Mtaani kwetu kuna mama mzee aliyepata kiharusi. Mkono wake wa kushoto na mguu wa kushoto havina nguvu. Kila nilipomtembelea nilimkuta midomo imekauka, na binti yake alilalamika kuwa mama anakataa maji. Nilimweleza faida za kunywa maji mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu aliniambia: "Mwanangu, nikinywa nitataka kwenda chooni. Na chooni kuna zile ngazi."

Nilikwenda kuziangalia. Zilikuwa nne. Ya tatu ilikuwa ndefu kuliko nyingine, ukingo wake umemomonyoka kwa mvua, na hapakuwa na mahali popote pa kushika. Ndipo nilipoelewa kwamba mafundisho yangu kuhusu maji yalikuwa sahihi, lakini yasingemsaidia mama huyu kabla ya ngazi kutengenezwa.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wenye umri zaidi ya miaka 60. Wengine hawafi, lakini huvunjika nyonga au mkono na hawatembei tena kama zamani.

Kuna pia madhara yasiyoonekana haraka. Mtu anayeogopa ngazi hubaki ndani. Hanywi maji ya kutosha, anabana haja, haendi kliniki kuchukua dawa, na hafiki kwenye mgao wa chakula. Miguu isiyotumika hupungua nguvu, na siku akitoka huanguka kwa urahisi zaidi.

Wanaohitaji ngazi salama ni wengi kuliko tunavyodhani: wazee, watu wenye ulemavu wa viungo, wasioona vizuri, waliopata kiharusi, wenye vidonda vya miguu, wajawazito wa miezi ya mwisho na watoto wadogo.

USIBOMOE KIZINGITI

Wengine wakisikia hivi huchukua jembe na kukata kizingiti cha mlango. Tafadhali usifanye hivyo. Kizingiti kina kazi yake: kinazuia maji ya mvua, na hata nyoka, visiingie ndani. Ukikiondoa, mvua ya kwanza italowesha godoro la mgonjwa yule yule unayetaka kumsaidia.

Njia nzuri ni kukigawa kimo. Kama kizingiti kina sentimita 20, jenga kipandio cha sentimita 10 nje, na kingine cha sentimita 10 ndani. Watu wengi husahau upande wa ndani. Lakini anayetoka kitandani usiku hukutana kwanza na upande huo, tena gizani.

KIPIMO CHAKO NI RULA YA MTOTO WA SHULE

Huhitaji vifaa vya fundi. Rula ya shule ina sentimita 30, nayo inatosha kwa kazi yote.

1. Kimo cha kipandio: nusu rula, yaani sentimita 15. Kwa mwenye goti gumu au aliyechoka sana, punguza hadi sentimita 10.

2. Upana wa kukanyagia: rula moja nzima, ili mguu wote ukae. Kwa anayetumia magongo, ongeza hadi rula moja na nusu, ili miguu na magongo vipate nafasi pamoja.

3. Vipandio vyote viwe na kimo kimoja. Hili ni muhimu kuliko yote. Mguu hukumbuka kimo cha kipandio cha kwanza na kutegemea kingine kama hicho. Kikiwa tofauti, mtu hujikwaa. Kwa hiyo pima kwanza kimo chote kutoka chini hadi sakafuni, kisha kigawe sawasawa. Kama ni sentimita 42, jenga vipandio vitatu vya 14. Usijenge viwili vya 15 na cha mwisho cha 12.

4. Kishikio: rula tatu kutoka juu ya kipandio, yaani sentimita 90. Kisha hakikisha kwa mtu mwenyewe: asimame wima, mkono ukining'inia kando. Kishikio kiwe karibu na usawa wa kifundo cha mkono wake.

JINSI YA KUJENGA

Tofali bichi la udongo huyeyuka kwa mvua. Tumia mawe au matofali ya kuchoma, na ushindilie vizuri udongo ulio chini yake. Kama una saruji kidogo, itumie juu na kwenye ukingo, maana ndipo panapobomoka kwanza. Kabla haijakauka, ikwaruze kwa ufagio au kijiti ili isiteleze. Juu ya kipandio painame kidogo sana kwa mbele, maji yasitulie.

Angalia pia maji yanapodondokea kutoka kwenye paa. Yakidondokea kwenye ngazi, mwezi mmoja wa mvua utaiharibu kazi yako yote. Chimba mfereji mdogo wa kuyaelekeza pembeni.

Paka ukingo wa kila kipandio chokaa au udongo mweupe. Mstari huo mweupe humsaidia mwenye macho dhaifu kujua kipandio kinapoishia. Upake tena kila mvua zinapoufuta.

Usitandike gunia au kipande cha turubai juu ya ngazi. Gunia huteleza likikanyagwa, na turubai lililolowa huwa kama sabuni.

KISHIKIO KISICHODANGANYA

Kishikio kilegevu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mtu hukiamini na kukiegemea.

Nguzo iwe na urefu wa rula tano: rula tatu juu ya ardhi na mbili ndani ya ardhi. Sehemu ya kufukiwa ichome juu juu kwa moto hadi iwe nyeusi, ili mchwa wachelewe kuila. Jaza shimo kwa mawe na ushindilie. Mti wa kushika uwe na unene ambao vidole vinaweza kuuzunguka, kama mpini wa jembe. Umenye maganda na uusugue hadi uwe laini, usichome mikono. Uupitishe rula moja zaidi ya kipandio cha mwisho, ili mtu aendelee kushika hadi miguu yote miwili ifike mahali tambarare.

Ukiweza, weka pande zote mbili. Aliyepooza upande wa kushoto hupanda akishika kwa mkono wa kulia. Akigeuka kushuka, kishikio kile kile kinakuwa upande wake wa kushoto, ambao hauna nguvu.

Kabla ya kumkabidhi mgonjwa, watu wazima wawili wakiegemee na kukisukuma kwa nguvu. Kikitikisika, rudia kazi. Usikate miti ovyo kwa ajili hiyo. Muulize kwanza kiongozi wa mtaa miti inapatikana wapi kwa ruhusa.

KITI CHA MAGURUDUMU: TULIVYOKOSEA

Sisi vijana wa kujitolea tuliwahi kumjengea jirani yetu mteremko badala ya ngazi. Kimo kilikuwa sentimita 45 na sisi tulijenga mteremko wa mita mbili tu, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Tulifurahi sana. Siku ya kwanza hakuweza kupanda peke yake. Alipotaka kushuka, kiti kilimkimbiza na akaanguka. Alituambia: "Mngeniuliza mapema, ningewaambia ni mkali."

Kanuni ni hii: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, mteremko uwe na sentimita 12 za urefu. Kimo cha sentimita 15 kinahitaji rula 6, yaani mita 1.8. Kile cha sentimita 45 kilihitaji rula 18, yaani zaidi ya mita 5. Upana usipungue rula tatu, na mbele ya mlango pawe na mahali tambarare pa rula tano ili kiti kigeuke na kusimama. Pembeni weka mawe ya kuzuia gurudumu lisitoke.

Kama nafasi haitoshi, ni afadhali ngazi nzuri yenye kishikio na mtu wa kusaidia kuliko mteremko mkali.

CHOONI

Mahali ambapo ardhi ni ya mawe au maji yako karibu, choo huinuliwa na ngazi zake huwa nyingi. Yote tuliyosema yanahusu choo pia, pamoja na haya:

- Weka kishikio ndani, karibu na tundu, kwa ajili ya kuchuchumaa na kuinuka.
- Mlango ufungukie nje. Mtu akianguka ndani, mlango unaofungukia ndani huzibwa na mwili wake na hamtaweza kumtoa.
- Kwa asiyeweza kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati. Kisafishwe kila siku.
- Usiku awe na tochi, na njia isiwe na kamba za turubai, kuni wala vidumu.

KUPANDA NA KUSHUKA

Mfundishe mgonjwa maneno haya mafupi: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Fimbo hushikwa mkono wa upande wenye nguvu, nayo huenda pamoja na mguu mgonjwa.

Wewe unayemsaidia, akipanda simama nyuma yake, na akishuka simama mbele yake, daima upande wa chini. Usimvute mkono, hasa ule uliopooza, maana bega linaweza kuteguka. Avae viatu vinavyoshika mguu. Kandambili iliyolika soli imeangusha wengi.

AKIANGUKA

Usimwinue kwa haraka. Muulize anaumia wapi. Ikiwa hawezi kukanyaga, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Usimkande na usiuvute mguu. Mlaze juu ya blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, mumpeleke kituo cha afya. Ikiwa amegonga kichwa na anatapika, anasinzia ovyo au anachanganyikiwa, mpelekeni mara moja, hata kama ni usiku.

HII NI HAKI

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Burundi iliuridhia mwaka 2014. Ibara ya 9 inahusu watu wenye ulemavu kuweza kufika na kutumia majengo na huduma kama wengine. Ibara ya 11 inataka walindwe wakati wa vita na majanga. Kwa hiyo usione haya kuomba. Kama choo cha mtaa wako kina ngazi mbovu, mwambie kiongozi wa mtaa, kamati ya watu wenye ulemavu au mhamasishaji wa afya anayekutembelea.

Lakini mengi yanaweza kufanywa na majirani. Choo cha yule mama kilitengenezwa kwa siku mbili. Yeye aliketi kwenye kiti akituelekeza: "Punguza hapo. Kishikio kishuke kidogo." Sasa hupanda mwenyewe, polepole, binti yake akiwa nyuma. Na kikombe chake cha maji sikikuti tena kimejaa.

Ndugu msomaji, kabla mvua hazijaanza, chukua rula ya mtoto, upime ngazi ya nyumba yako na ya choo chako. Kisha nenda kwa jirani mzee au mwenye ulemavu, umuulize: "Ni ngazi gani inayokusumbua?" Msikilize kwanza, ndipo ujenge.

KUMBUKA:
- Kimo nusu rula, kukanyagia rula moja, kishikio rula tatu.
- Vipandio vyote viwe sawa.
- Mwenye ngazi aulizwe kwanza.

Kinga ni bora kuliko tiba.

Mhamasishaji wa afya wa kujitolea